Mafuta ya kumeza na kitambi: namna ya kuyatumia bila kujiongezea uzito

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Yawe yametoka kwenye chupa ya kupikia, kwenye ini la samaki au kwenye kopo la bei kali lililoandikwa "huyeyusha mafuta ya tumbo", hesabu ni ile ile. Mafuta ya MCT, yaani yenye minyororo ya urefu wa kati, peke yake ndiyo yana pungufu kidogo, kama kalori 8.3 kwa gramu. Ukiyameza juu ya chakula unachokula sasa, umeongeza chakula. Bidhaa yenye ushahidi wa maana kuliko zote katika kundi hili, ambayo ni hiyo MCT, ilipimwa ikichukua nafasi ya mafuta mengine. Wauzaji hawalisemi hilo, na wengi wanaokunywa kijiko chao kila asubuhi hushangaa mizani ikipanda.

Kazi yenyewe ina hatua nne: kupima, kuchagua, kubadilishana, kisha kuamua kama uendelee kulipia.

Hakikisha kwanza kwamba ni mafuta

Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya tumbo unaweza kuyafinya kwa vidole. Yale ya ndani, yanayozunguka utumbo na ini, hayafinyiki. Hulisukuma tumbo mbele likawa gumu hata kwa mtu mwenye mikono na miguu myembamba. Haya ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari cha aina ya 2, shinikizo la damu na ini lenye mafuta. Habari njema ni kwamba ndiyo pia hutangulia kupungua: mtu akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, mafuta ya ndani hupungua kwa asilimia kubwa zaidi ya hiyo.

Lakini tumbo lililokua ndani ya wiki chache, linalouma, au lililofura huku miguu ikivimba, macho yakiwa ya manjano, au mwili wote ukikonda, halihitaji kapsuli. Linaweza kuwa maji, uvimbe, au tatizo la ini. Kwa mwanamke, ongeza ujauzito na uvimbe wa kizazi kwenye orodha hiyo. Muone daktari kabla ya kununua chochote.

Kupima kiuno ipasavyo

Faida ya bidhaa hizi, pale inapokuwepo, ni sentimita moja au mbili. Kosa la kawaida la kupima kiuno ovyo nalo ni sentimita moja au mbili. Kwa hiyo ukipima vibaya hutajua kamwe kama hela yako imefanya kazi.

Tumia tepu ya fundi cherehani isiyovutika. Pima asubuhi, baada ya kutoka chooni, kabla ya kula au kunywa, bila shati. Simama wima, uzito ukiwa sawa kwenye miguu yote miwili. Papasa ubavuni mpaka uupate ubavu wa mwisho unaogusika, kwenye mstari unaoshuka kutoka kwapani. Weka alama ya kalamu. Shuka mpaka uguse ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo tepu inapopita. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha zungusha tepu ikiwa sambamba na sakafu. Kioo husaidia hapa, maana tepu hupenda kushuka nyuma bila mtu kujua. Iguse ngozi bila kuibana. Vuta pumzi, itoe kama kawaida bila kulivuta tumbo ndani, soma namba pumzi inapomalizika kutoka.

Rudia. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya sentimita 1, anza upya vyote viwili. Vikikaribiana, chukua wastani. Andika pia tepu ilipita sentimita ngapi juu au chini ya kitovu, ili wiki ijayo ipite hapo hapo. Saizi ya suruali usiitegemee: mwenye kitambi kikubwa huvaa mkanda chini ya tumbo, na suruali humkaa ile ile mwaka hadi mwaka huku kitambi kikiongezeka juu yake.

Kigezo rahisi ni kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mtu wa sentimita 168 anatakiwa awe chini ya 84. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, uliorekebishwa mwaka 2022, unahesabu uwiano wa 0.5 hadi 0.59 kuwa hatari iliyoongezeka, na 0.6 kwenda juu kuwa hatari kubwa. Kwa huyo wa 168, ni kuanzia kama sentimita 101.

Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile. Mwanamke alinganishe wiki zinazofanana za mzunguko wake wa hedhi, kwa kuwa maji yanayojaa mwilini hudanganya tepu.

Bidhaa tatu na zinachoweza

*MCT.* Haya ni mafuta yenye minyororo ya urefu wa kati, hasa asidi ya kapriliki, inayoandikwa C8 kwenye lebo, na ya kapriki, C10. Mafuta ya kawaida hufungwa vifurushi na kupitia mishipa ya limfu kabla ya kufika kwenye damu, na mengi huishia kuhifadhiwa. MCT hupita moja kwa moja kutoka kwenye utumbo hadi kwenye ini, ambako huchomwa haraka. Ndiyo sababu huongeza kidogo nishati inayotumiwa na mwili, na kwa baadhi ya watu huleta shibe.

Kidogo hicho ni kiasi gani? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliojumlisha majaribio ya kubadilisha mafuta ya kawaida kwa MCT kwa wiki 3 au zaidi, ulikuta upungufu wa wastani wa nusu kilo ya uzito na karibu sentimita 1.5 ya kiuno. Si uongo, ila si muujiza. Atakayekuahidi sentimita 10 kwa chupa moja anauza maneno.

Kwenye lebo tafuta C8 na C10. Ukikuta C12, yaani asidi ya lauriki, ndiyo inayotawala, weka chini. Mwili hushughulikia sehemu kubwa ya asidi hiyo kama mafuta ya kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo mafuta ya nazi hayachukui nafasi ya MCT, ingawa mara nyingi huuzwa kwa sifa zake: karibu nusu yake ni lauriki.

Kipimo: anza na kijiko kimoja cha chai, mililita 5, pamoja na chakula, kwa siku 3 au 4. Tumbo likitulia, ongeza kijiko kingine cha chai kwenye mlo mwingine. Fika mililita 15 kwa siku mwishoni mwa wiki ya pili, na usiende mbio kufika 30. Anayeanza na kijiko kikubwa tumbo likiwa tupu mara nyingi hupata msokoto, kichefuchefu, na kuhara kwa ghafla kusikosubiri foleni ya choo. Likitokea hilo, rudi kwenye kiasi cha mwisho kilichokukaa vizuri, ukae hapo wiki nzima.

Usiyakaangie. Huanza kutoa moshi kwenye joto la chini kuliko mafuta mengi ya kupikia, kama nyuzi 160. Yamwagie kwenye chakula kilichokwisha iva: supu, mboga, mtindi. Pia usiyaweke kwenye vikombe vyeupe vyepesi vya kutupwa, vile vinavyofanana na povu gumu, kwa sababu hulainisha plastiki hiyo na kikombe kinaweza kuvuja. Kioo, udongo au chuma ni salama.

*CLA.* Hii ni asidi ya linoleiki iliyopangwa tofauti kidogo, na ya dukani hutengenezwa zaidi kutokana na mafuta ya mbegu za kartamu. Sifa yake ilitoka kwenye maabara: utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha panya waliolishwa CLA wakiwa na mafuta pungufu kwa zaidi ya nusu kuliko wenzao. Binadamu hakufuata mkondo huo. Uchambuzi wa mwaka 2007, kwa kipimo cha gramu 3.2 kwa siku, ulikuta tofauti ya kama gramu 90 za mafuta kwa wiki ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na kitu. Kwa wiki 12 ni kama kilo 1 ya mwili mzima, haikulenga tumbo, na kasi hiyo hupungua baada ya takriban miezi 6.

Tatizo kubwa liko kwingine. Kapsuli nyingi zina mchanganyiko nusu kwa nusu wa aina mbili za CLA, na ile inayoaminiwa kupunguza mafuta, inayoandikwa t10,c12, ndiyo hiyo hiyo iliyofanya insulini ifanye kazi vibaya zaidi ilipopewa ikiwa safi kwa wanaume wenye vitambi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002. Yaani anayeihitaji zaidi kwa mujibu wa tangazo ndiye anayeweza kuumia zaidi. Zipo pia taarifa za watu wachache waliopata homa ya ini wakiitumia. Kwa maoni yetu, mtu mwenye kisukari, mwenye sukari inayokaribia kisukari, au mwenye ini lenye mafuta aiache kabisa, na mwingine yeyote ana njia bora za kupunguza kilo moja.

*Mafuta ya samaki.* Omega-3 zake, EPA na DHA, hushusha trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu, hasa kwa gramu 2 hadi 4 kwa siku, na hilo limethibitishwa vizuri. Kitambi hayakipunguzi kwa kiasi cha kutegemea. Mwenye trigliseridi za juu ana sababu nzuri ya kuzungumza na daktari kuhusu omega-3. Mwenye kutaka kiuno tu, hana.

Kama unayatumia, soma lebo mara mbili. Kapsuli ya miligramu 1000 ya mafuta ya samaki kwa kawaida ina miligramu 180 za EPA na 120 za DHA, jumla 300. Ili ufikie gramu 2 za omega-3 unahitaji kapsuli 7, ambazo ni gramu 7 za mafuta na kalori zaidi ya 60. Toleo lililokolezwa hupunguza idadi hiyo. Usizidi gramu 5 za EPA na DHA kwa siku, na kuanzia gramu 1 kwenda juu zungumza na daktari, hasa kama moyo wako umewahi kwenda mbio bila mpangilio, maana vipimo vikubwa vimehusishwa na tatizo hilo. Mafuta ya ini la chewa yana vitamini A nyingi. Kijiko kikubwa kimoja kinaweza kuvuka mikrogramu 3000, ambazo ndizo ukomo wa siku kwa mtu mzima, na kwa mjamzito huo ni mchezo wa hatari kwa mtoto.

Mafuta ya mbegu za kitani tuyapite haraka. Yana omega-3 ya mimea, na mwili hubadilisha sehemu ndogo tu kuwa EPA na DHA. Ni mafuta mazuri ya saladi.

Kubadilishana: hapa ndipo penye kazi

Kijiko kikubwa cha MCT, mililita 15, kina gramu kama 14 na kalori 115. Ukikiongeza kila siku bila kutoa chochote, kwa wiki 12 ni kalori 9,660. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700. Hesabu inakuambia umejitengenezea nafasi ya kuongezeka zaidi ya kilo 1, na ile nusu kilo ya faida imemezwa.

Kwa hiyo toa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia, chenye kalori 120, kwa kila kijiko cha MCT unachoingiza. Kusema ni rahisi. Mkono unaomimina mafuta kwenye sufuria haujui kijiko. Njia inayofanya kazi ni kutenga mafuta ya wiki. Kwa siku 7 pika kama kawaida, ila jaza chupa ndogo kwanza na uandike umetumia mililita ngapi. Gawa kwa idadi ya walaji. Wiki inayofuata jaza chupa ile ile ikiwa pungufu kwa mililita 105 kwa ajili yako, yaani 15 mara 7. Chupa ikiisha kabla ya wiki, hujabadilishana, umeongeza. Sufuria isiyoshika na kikaango chenye mfuniko hupunguza haja ya mafuta bila chakula kuungua.

Anza kutoa mafuta mgando. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walichapisha mwaka 2014 jaribio la vijana 39 wenye uzito wa kawaida waliokula keki za ziada kwa wiki 7, baadhi zimepikwa kwa mafuta ya mawese, nyingine kwa mafuta ya alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka kama kilo 1.6. Lakini waliokula keki za mawese waliweka mafuta mengi zaidi ndani ya tumbo na kwenye ini. Aina ya mafuta ina maana, basi, na badiliko hilo la chupa ya jikoni halihitaji kopo la virutubisho. Kinachofuata kutolewa ni vyakula vya viwandani vilivyotengenezwa kwa mafuta yaliyogandishwa kwa haidrojeni.

Vinywaji vya sukari vina habari yao. Katika jaribio la wiki 10 lililochapishwa mwaka 2009, waliokunywa vinywaji vyenye sukari ya fruktosi, kiasi cha robo ya kalori zao, waliongeza mafuta ya ndani ya tumbo kuliko waliokunywa vya glukosi. Pombe nayo ina kalori 7 kwa gramu. Anayekunywa chupa mbili jioni kisha akahangaika na kapsuli asubuhi anafagia huku mlango uko wazi kwenye vumbi.

Mpangilio wa wiki 12

Wiki 4 za kwanza usinunue kitu. Punguza takriban kalori 500 kwa siku: vinywaji vitamu, vitafunwa, na ile chupa ya mafuta ya wiki. Kula protini kila mlo, iwe samaki, mayai, maharage au nyama isiyo na mafuta, ili upungue mafuta zaidi kuliko misuli. Tembea haraka dakika 30, siku 5, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukizoea, sogea kuelekea dakika 300 kwa wiki. Siku 2 fanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kujisukuma kutoka sakafuni, kuvuta au kuinua kitu kizito, raundi 2 au 3 za mara 8 hadi 12. Mazoezi ya kuinuka ukiwa umelala chali hukaza misuli ya tumbo. Mafuta yaliyoifunika hayachagui kuondoka kwa sababu misuli iliyo chini yake imechoka. Mwendo wa miguu hupunguza mafuta ya ndani hata pale mizani isipocheza, ndiyo maana tepu huaminika kuliko mizani.

Kuanzia wiki ya 5 mpaka ya 12, ukitaka, ingiza MCT kwa kubadilishana kama ilivyoelezwa, huku kila kitu kingine kikibaki vile vile. Mpangilio huu una faida moja kubwa: una kumbukumbu ya wiki 4 bila bidhaa, kwa hiyo huisifii kwa kazi ya miguu yako. Kumbuka tu kwamba kasi ya kupungua hushuka yenyewe kadiri muda unavyokwenda.

Kiuno kisipopungua kabisa hadi wiki ya 8, kabla ya kulaumu mafuta kagua vitu vitatu kwa mpangilio huu: tepu inapita mahali pale pale? Chupa ya wiki inafika mwisho wa wiki? Wikendi inafuata hesabu ya siku za kazi? Mara nyingi jibu liko kwenye la tatu.

Wasiopaswa kujaribu, na bidhaa za kukimbia

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasiguse bidhaa yoyote ya kupunguza uzito bila daktari. Mwenye kisukari cha aina ya 1, au ini lililokakamaa, asitumie MCT kwa uamuzi wake, kwa kuwa ini huigeuza kuwa ketoni, kemikali zenye asidi zinazoweza kumzidi mtu kama huyo. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla ya mafuta ya samaki. Anayetumia orlistati, dawa inayozuia karibu theluthi ya mafuta ya chakula yasifyonzwe, asiongeze mafuta ya kumeza: mengi yatatoka chooni, na pengine kwenye nguo kabla ya kufika chooni.

Kopo lisilotaja viambato kwa miligramu, linalosema "mchanganyiko wa siri", au linaloleta moyo kudunda, mdomo kukauka na usingizi kupotea, liache siku hiyo hiyo na umwonyeshe mfamasia. Maabara za udhibiti zimekuta mara nyingi sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula, ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Mafuta ya samaki huharibika kwa hewa, mwanga na joto. Toboa kapsuli moja na uonje: ladha ya samaki mbichi ni sawa, ila ukali unaokereta koo au harufu ya rangi ya mbao ni mafuta yaliyokwisha haribika. Ladha ya limau inaweza kuficha, hivyo angalia pia tarehe. Yahifadhi kwenye friji, chupa imefungwa, na umeze pamoja na mlo mkubwa wa siku ili kupunguza kiungulia na mbweu za samaki.

Wiki ya 12 linganisha namba. Kama kiuno kilishuka kwa kasi ile ile kabla na baada ya MCT, acha kuinunua; hakuna haja ya kupunguza polepole. Ila ukiiacha, kile kijiko cha mafuta ya kupikia ulichokitoa usikirudishe kwenye chupa ya wiki.